Mma-Tiro, Mama wa Watoto Tisa

Mchungaji, wazee wa ukoo wa Ketshabile na wa ukoo wa Motlhale, walimu, majirani, na nyote mlioamka na baridi hii ya Juni mkaja kusimama nasi, mimi naitwa Mothusi, ni mtoto wa nne wa marehemu, na ndugu zangu wamenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Ontlametse Ketshabile, ambaye hapa mtaani mlimwita Mma-Tiro, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na ambaye kule shuleni, kwa miaka mingi, aliitwa tu Mma wa Maktaba.

Mama alizaliwa tarehe 2 Machi 1955 katika kijiji cha Sefhare, akiwa mtoto wa pili wa mzee Motlhale na bibi Oarabile, nyuma ya kaka yake Phenyo, ambaye ni mjomba wetu na yupo hapa leo, na mbele ya mdogo wake Seipati, ambaye alitutangulia na ambaye nitamtaja tena baadaye kidogo. Alianza darasa la kwanza mwaka 1963, amechelewa, kwa sababu ya ukame wa miaka ile ambao uliwafanya wasichana washinde njiani na ndoo, akamaliza shule ya msingi hapo hapo Sefhare mwaka 1969, akaenda sekondari Serowe, akaiacha Desemba 1972 babu alipofariki, akarudi nyumbani kulima.

Mwaka 1975 alipata kazi ya ukarani katika shule ya sekondari hapa Mahalapye, na pale alikuta chumba kimejaa vitabu, kimefungwa kwa kufuli ambalo hakuna aliyejua ufunguo wake uko wapi, akauliza mwezi wa kwanza, akauliza mwezi wa pili, mwezi wa tatu akamwomba mkuu wa shule amruhusu kulivunja, akavunja mwenyewe kwa nyundo ya fundi, akafagia, akatoa vumbi, akafungua dirisha, na wanafunzi wakaanza kuingia. Shule ilipoona hivyo ilimpeleka Gaborone kwa mafunzo ya ukutubi mwaka 1979, akarudi na cheti mwaka uliofuata, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2015.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na baba yetu, mzee Oteng Ketshabile, fundi wa njia ya reli, mtu mrefu mwenye maneno machache, aliyefariki Agosti 2009. Baba mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alikuwa akipita shuleni kuazima magazeti asiyoyasoma, mpaka siku moja mama akamwambia, "Rra, gazeti hili uliliazima juzi, na jana, umefika ukurasa gani?" naye akajibu kwamba bado yuko kwenye ukurasa wa mbele, anatafuta ujasiri.

Mungu aliwajalia watoto tisa, nao kwa kufuatana ni Tiro, Keneilwe, Omphile, mimi Mothusi, Tebatso, Gorata, Lerang, Pako na Wame.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu Jumanne jioni, tulipokuwa tumekaa kwenye moto tukiandaa maneno haya, baba mdogo Gabanakgosi, ambaye amekaa hapa mbele na ameniruhusu kulisema jambo hili, aliniambia, "Mothusi, historia ni historia. Andika kwamba alizaa sita, akalea watatu. Watu wanajua." Mimi ni mmoja wa hao watatu, nikaona si mahali pangu pa kubisha, lakini kaka yetu Tiro, aliyekuwa akisogeza kuni, hakuinua hata kichwa, akasema, "Baba mdogo, nionyeshe aliyezaliwa bila kulelewa. Sote alitulea, na fimbo ilikuwa moja." Baba mdogo akafikiri, akasema, "Haya, andikeni tisa, ila mtu akiuliza, mseme mimi nilisema." Basi nimesema, baba mdogo.

Na kwa kuwa watu wanajua, ni vizuri wajue vizuri. Sisi watatu, yaani mimi, Gorata na Pako, tulitoka tumboni mwa Seipati, mdogo wake mama, aliyekuwa ameolewa Shoshong. Baba yetu wa huko alifariki mwaka 1997, na Seipati naye akamfuata tarehe 3 Mei 1999, katika miaka ile ambayo kila Jumamosi ilikuwa ya maziko, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, Gorata tisa, Pako mitano. Siku chache baada ya maziko, wazee wa Shoshong walikaa kutupangia, wakiongozwa na baba mkubwa Molatlhegi, na walitupangia kwa nia njema, nataka lieleweke hivyo, mimi niende kwa mjomba Phenyo, Gorata aende Lobatse kwa shangazi aliyekuwa na mtoto mchanga, na Pako, akikua kidogo, abaki na baba mkubwa kwenye zizi la ng'ombe huko porini. Sisi tulikuwa tumekaa ukutani tukisikia, Gorata ameshika mkono wangu upande mmoja na wa Pako upande mwingine.

Mama alifika kikao kikiwa katikati, ametoka kazini na basi la mchana, akakaa na wanawake, akasikiliza mpaka wazee wakamaliza, akaomba neno. Alisema, "Wazee wangu, shuleni nina kamusi kubwa ya vitabu vitatu. Mtu aliazima kimoja hakukirudisha. Viwili vilivyobaki vipo rafuni mpaka leo, na hakuna anayevigusa, kwa sababu neno unalolitafuta daima liko kwenye kile kilichopotea. Msiwatenganishe hawa."

Baba mkubwa Molatlhegi akamjibu, "Hawa si vitabu, Mma."

"Ndiyo maana sikuja kuazima, Rra. Nimekuja kuwachukua."

"Una sita. Nyumba yako ina vyumba vitatu. Hawa utawalisha karatasi?"

"Watakula wanachokula wangu. Tukikosa, tutakosa wote."

Wazee walicheka, kisha hawakucheka, kisha wakakubaliana kwamba atuchukue kwa mwaka mmoja, na baba mkubwa aje mwenyewe kutazama, na asiporidhika aondoke angalau na Pako. Tuliondoka Shoshong jioni hiyo, na kwenye basi mama hakutuambia habari za mwaka mmoja, alituambia habari za chakula tutakachokikuta.

Nyumba tuliyoikuta ilikuwa na kelele ambazo sikuwahi kuzisikia, beseni moja la kuogea na foleni yake kila alfajiri, viatu ambavyo mwenyewe alikuwa ni yule aliyeamka mapema, wavulana chumba kimoja, wasichana kingine, na Ijumaa jioni mama akirudi na mkoba wa vitabu vilivyochanika, tukikaa mezani tisa, huyu anashika kurasa, huyu anapaka gundi ya unga aliyoipika mama, huyu anakandamiza kwa matofali, na baba akichungulia kutoka mlangoni akiuliza, "Mma-Tiro, unga wa leo tunakula au tunabandika?" Ukimpiga mwenzako, adhabu ilikuwa kumsomea yule uliyempiga kitabu kizima kwa sauti, mpaka mwisho, naye ana haki ya kukwambia urudie, na Omphile, ambaye mnamsikia kila asubuhi akisoma taarifa ya habari redioni, hakusomea utangazaji popote, alitupiga sana.

Lakini mama aliuhesabu mwaka ule peke yake. Keneilwe aliniambia miaka mingi baadaye kwamba kila gari lilipopunguza mwendo karibu na lango, mama aliacha alichokuwa akifanya.

Julai 2000 baba mkubwa alikuja na gari, nyuma kuna mbuzi wa kuwashukuru watu wa nyumbani kwa malezi, na blanketi jipya la mtoto. Mama alikuwa bado kazini. Tulimpa kiti, Gorata akamletea chai, na Pako akafichwa na Lerang juu ya jukwaa la tangi la maji bila mtu yeyote kuwaagiza, wakakaa huko wakimchungulia mgeni, mpaka Pako akateleza, akaanguka juu ya bati, akapasuka goti. Baba mkubwa alinyanyuka mikono wazi, na mtoto akampita, akanipita na mimi, akapita mpaka kwa Tiro, aliyekuwa akifua nyuma ya nyumba, na Tiro akamkunja suruali, akaosha lile goti kwa sabuni ile ile ya kufulia, huku akimgombeza, "Wewe tena? Jana dirisha, leo tangi. Kesho utapanda wapi, mlingoti wa redio? Tulia. Nimesema tulia, au nikuache utembee na mguu mmoja uwe nusu Pako?" Pako alikuwa analia na kucheka.

Mama akaingia langoni wakati huo, akaona gari, akaona mbuzi, akaona blanketi, akasimama.

Baba mkubwa akamwambia, "Yule kijana anamgombeza kama ndugu yake."

Mama akasema, "Kila siku, Rra. Tumechoka kumsikia."

Baba mkubwa alimaliza chai yake taratibu, akashusha mbuzi, akamwacha, akaliacha na blanketi, akaondoka na gari tupu, na mama, ambaye hatukuwahi kumwona akikaa chini mchana, alikaa pale pale kwenye ngazi ya mlango na mkoba wake mapajani, akavua viatu, akasema, "Mtu aninyweshe maji." Mwaka ule haukutajwa tena nyumbani kwetu, na baba mkubwa akawa mgeni wa kila Krismasi hadi alipofariki mwaka 2011.

Ugonjwa wa mama ulianza mwaka 2018 na sukari, ukaingia kwenye figo, na kuanzia Februari 2022 ikabidi asafishwe damu kwa mashine huko Gaborone mara tatu kwa wiki, akikaa kwa Gorata, na kurudi hapa mwisho wa wiki, tukipokezana kumpeleka na kumrudisha. Kwa zaidi ya miaka mitatu alivumilia barabara ile, sindano zile, na kipimo cha maji ya kunywa ambacho kilimtesa kuliko sindano, yeye aliyependa chai, akipewa kikombe cha mtoto na kuambiwa kiishie jioni.

Mei mwaka huu alituita tisa, akatuambia kwamba amezungumza na daktari, na kwamba hataki mashine tena. Siwafichi, tuligombana. Wengine walisema tumheshimu, wengine walisema tutakuwa tumemwua, na Pako, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, alipiga meza akasema hakubali, akatoka nje. Mama akaagiza aitwe, akamwambia mbele yetu, "Pako, wewe sikukuacha uende mahali usipopataka. Na mimi usinipeleke." Pako akakaa karibu naye, akamuuliza, "Sasa unataka nini, mama?" naye akasema, "Chai. Kikombe cha baba yenu, kile kikubwa, kijae."

Alirudi nyumbani moja kwa moja tarehe 26 Mei 2025. Nawaambia kwa moyo mweupe, siku zile hazikuwa za huzuni kama tulivyoogopa. Alikunywa chai yake imejaa, akala machungwa aliyokatazwa, akala ugali wa mtama na maziwa mgando, akalala usingizi bila kuwaza saa ya gari, na uso ambao ulikuwa umekazwa kwa miaka mitatu ukalegea, tukamwona tena yule tuliyemjua. Nyumba ilijaa, sisi na wake na waume zetu na wajukuu kumi na wanane, na Keneilwe alipotoka kuwafokea watoto wanyamaze, bibi amelala, mama aliita kutoka kitandani, "Waache. Kimya nililipwa mshahara kukilinda. Hapa nyumbani sikukitaka."

Alitutoka Jumatatu asubuhi, tarehe 9 Juni 2025, jua limeshaingia chumbani, Wame akimpaka mafuta mikononi na watoto wakigombania mpira nje ya dirisha, akavuta pumzi, akapumzika, na Wame akaendelea kumpaka mafuta mpaka akamaliza mkono wa pili. Tulilia, kisha mchana ule, mmoja baada ya mwingine, tukalala, juu ya makochi, sakafuni, kwenye magari, usingizi wa watu ambao mgonjwa wao hateseki tena.

Familia inamshukuru daktari aliyemsikiliza, na wauguzi wa kitengo cha figo waliomfahamu kwa jina na kwa utani wake, inawashukuru majirani waliotuletea kuni na vyungu kabla hatujaomba, wanakwaya waliokuja kila jioni ya wiki hii ya maombi pamoja na baridi yake, walimu na wafanyakazi wenzake wa zamani, na ninyi wanafunzi wake, ambao naona nywele zenu sasa zina mvi. Tunaushukuru ukoo wa Shoshong, uliotuacha tukae pamoja, na ukoo wa Ketshabile, uliotupa jina bila kutuuliza tumetoka wapi.

Na ninyi mlioko nyuma kwenye turubai, naona mnawashika watoto midomo tangu nianze kusoma, waachieni.

Mama, kazi imekwisha, na wewe hudaiwi safari nyingine. Kapumzike, amani iwe nawe.