Mfungo Wangu wa Mlima Kenya

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, na azidi kupewa na sisi ambao alituteremsha mlimani tukiwa hai.

Mimi ni yule mwalimu wa chuo mnayemwona mstari wa pili kila Jumapili, mwenye miwani na daftari. Nilikuja Eldoret kutoka kando ya Ziwa Victoria nikiwa na digrii moja na koti moja zito. Nataka nishuhudie jinsi Mungu alivyoniokoa na kifo, na jinsi alivyoniokoa na mimi mwenyewe, kazi ambayo nadhani ilimsumbua zaidi.

Ilikuwa miaka ya chama kimoja. Mtu mwenye masomo alikuwa na maoni mengi na mahali pachache pa kuyasemea, kwa hivyo yangu niliyapeleka yote kwa Mungu. Nilifunga kila Ijumaa. Nilifunga nikitafuta nyumba. Nilifunga waliponiruka kazini wakampandisha cheo mpwa wa mtu fulani. Nikawa hodari wa kufunga, ndugu zangu, na ubaya wa uhodari huo ni kwamba unaanza kumtazama mwenzako akila mandazi na kumhurumia.

Basi Njoroge, ndugu yetu mwenye duka kule Soy, akasema anataka kupanda Mlima Kenya. Alizaliwa upande wa Nyeri. Utoto wake wote aliuona mlima ule kila asubuhi kutoka mlango wa jiko la mama yake, lakini hakuwahi kuukanyaga. Kiprono, mkulima wa Kaptagat aliyewahi kuupanda alipokuwa skauti, akakubali kumwongoza. Mimi nikajialika. Nilikuwa nimeishi Eldoret miaka sita nikiwaona wanariadha wakipita barabarani, nikaamini kwamba mapafu yao hupewa kila mpangaji pamoja na ufunguo wa nyumba.

Kumbe nilikuwa na jambo lingine moyoni. Niliweka nadhiri kwamba sitakula chochote, maji tu, tangu tuondoke Eldoret hadi nisimame kileleni, niombe huko juu karibu na masikio ya Mungu. Nilitaka kushuka na neno, kama Musa. Na kwa kuwa Yesu alituambia tufunge kwa siri, sikumwambia mtu. Andiko takatifu nikalifanya pazia.

Jioni ya kwanza, pale Naro Moru chini ya mlima, Kiprono alipakua ugali na nyama. Nikamsogezea sahani yangu.

“Mwalimu, we huli?”

“Kula, ndugu. Wewe ndiye umebeba mzigo mkubwa.”

“Mungu akubariki,” akasema, akala. Jioni ya pili, baada ya msitu na matope yasiyoisha, akanibariki tena. Nikazipokea baraka zote mbili bila haya.

Asubuhi ya tatu tulikuwa kwenye theluji, tukielekea Lenana, kile kilele ambacho watu wasio na kamba hukifikia. Njoroge alikuwa mbele, akitembea kama mtu anayekwenda harusini. Mimi nilihesabu hatua: kumi, napumzika, tano, napumzika. Kisha hesabu yenyewe ikanipotea, nikaketi. Theluji ilikuwa laini na, ajabu, ilikuwa na joto. Nikavua glavu. Usingizi mtamu ukanijia, nami nikadhani ni uwepo wa Bwana.

Kilikuwa kifo, ndugu zangu. Huja na adabu zake.

Kiprono akapiga kelele, “Njoroge, rudi! Mwalimu ameketi!”

Njoroge alikuwa amebakisha mwendo kama wa kutoka kanisani kwetu hadi barabarani. Alirudi. Akanivisha glavu, akanitazama midomo.

“Umekula nini leo?”

Nikaangalia buti zake.

“Na jana?”

Kiprono akashika kichwa. “Woi. Chakula chake nimekula mimi. Siku mbili. Mimi nilidhani ni upendo.”

“Nimefunga,” nikasema. “Haya ni mambo ya kiroho.”

“Kiroho ni sawa,” Njoroge akasema, “lakini mwili ni sisi tutabeba. Na mke wako, Mama Akinyi, nani atamwambia? Kula.”

Alikuwa na kiazi cha kuchemsha, baridi kama jiwe, na chupa ya chai yenye sukari nyingi. Nikageuza uso. Niliona heri nife kuliko kuvunja nadhiri mbele ya watu, na hapo ndipo nilipojiona. Sikuwa nikimwogopa Mungu. Niliogopa Njoroge aone kwamba mimi pia ni mtu wa kula. Mimi ambaye huomba nusu saa bila kurudia neno, siku hiyo niliomba neno moja tu: Nisaidie. Kisha nikafungua mdomo.

Nimeshiriki Meza ya Bwana mara nyingi, ndugu zangu, lakini sijawahi kulia kama nilivyolia na kiazi kile mdomoni.

“Wewe endelea,” nikamwambia Njoroge. “Kiprono atanishusha.”

“Peke yake? Na vile uko mzito hata bila kula?” Akaifunga chupa ya chai ndani ya shuka. “Mlima hauhami, Mwalimu. Wewe ndiye ulikuwa unahama.”

Akaupa mlima wa utoto wake mgongo, akanishika kwapa, Kiprono akashika upande wa pili. Kadiri tulivyoshuka ndivyo uhai ulivyonirudia. Tulipofika kambini nilikuwa nimemaliza viazi vitano na ninaimba tenzi kwa sauti, hata Kiprono akauliza kama kuimba nako hakuwezi kufungwa kidogo.

Jumapili nilikiri yote mbele ya kanisa. Mama Akinyi alicheka mpaka akaketi.

Mwaka uliofuata tulirudi watatu. Safari hii nilibaki kambini kuwa mpishi. Njoroge alifika kileleni na kushuka. Aliketi karibu na moto, machozi yakimtiririka, nami nikampakulia sahani ya kwanza, ya pili na ya tatu. Sijawahi kufika juu kiasi hicho.

Namshukuru Mungu aliyenikatalia kilele akanipa ndugu. Nawe unayesoma, kama kuna jambo unalofia kimyakimya ukidhani ndiyo imani, mwambie aliye karibu nawe leo. Mtegemee Bwana. Atakuja, na usishangae akija amevaa buti za jirani yako.