Vidonge Nilivyomeza Chini ya Shuka

Ndugu zangu wa jumuiya, nyie mnanijua, mimi Bibi Teodora wa hapa Makanyagio. Leo nasema jambo ambalo hata binti yangu Skola nilimficha.

Kifuani nina kilango cha moyo cha kuwekewa, kile kinachofungua na kufunga damu ikipita, miaka mingi sasa. Madaktari waliponiwekea waliniambia: homa ikija usimeze kitu, njoo tupime damu kwanza. Nikaitikia vizuri kabisa. Homa ilipokuja, baada ya kung'olewa jino, nikaenda kwa jirani. Jina lake ninalo, silitaji, alinisaidia kwa upendo. Akanipa vidonge vya rangi mbili vilivyobaki vya mjukuu wake. Napata nafuu siku mbili, homa inarudi, natetemeka mpaka kitanda kinalia.

Skola akanipeleka hospitali kubwa, mbali. Nesi Asteria akauliza, "Bibi, umemeza dawa yoyote?"

"Hata panado, mwanangu."

Ndugu zangu, nawaambia, vile vidonge vilikuwa kwenye pindo la kanga. Nikaendelea kumeza, nimejifunika shuka. Wakachukua damu mara tatu, wakaiweka maabara ili mdudu anayeleta homa aote, wamtambue. Hakuota. Daktari akamwambia Skola hajui anitibu nini, na kilango kinazidi kulegea. Skola akaenda dirishani akalia, hakutaka nione. Niliona. Nikajua nakufa, na anayeniua ni mimi mwenyewe.

Nikafungua pindo, nikavimwaga kitandani.

Asteria akavitazama. "Bibi, na mvi zote hizo, unadanganya kama mtoto aliyelamba sukari?" Kisha akanieleza taratibu: vile vidonge vilimpiga mdudu kidogo tu. Kwenye damu haonekani, lakini kwenye kilango anaendelea kula.

Wakaniacha siku mbili bila dawa, mdudu ajitokeze. Siku hizo simtakii mtu. Kikombe sikuweza kukishika. Sala nilianza, nikaisahau katikati. Kwenye damu ya safari hiyo mdudu akaota. Wakamjua mdudu na dawa inayomuua, wakanichoma ya mshipani wiki sita, kutwa mara tatu, mpaka mishipa ikawa haionekani.

Asante Skola. Asante Asteria. Na wewe jirani yangu, usiinamishe kichwa hapo ulipoketi, kosa ni langu. Nyie wengine, daktari akiuliza mmemeza nini, mwambieni. Mimi niliogopa kuonekana mjinga, nikakaribia kuzikwa kwa ajili hiyo.