Kombe la Bwawani na Ndoo ya Taratibu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kuwasha na kuzima pampu za kituo chetu cha maji, ndugu yetu Taratibu anastaafu. Ofisi ilitaka karani aandike wasifu huu. Nikasema hapana. Karani anamjua Taratibu kwa faili. Mimi, fundi wa kuchomelea, nimekula naye sahani moja tangu hatujaota mvi, tena hakuna bomba hapa kituoni ambalo mkono wangu haujaligusa. Herufi zangu zimelala upande, lakini zinasomeka.

Aliingia kama kibarua wa kuchimba mitaro, akawa msaidizi, kisha mwendesha pampu. Pampu ikikohoa, yeye husikia akiwa nyumbani anakunywa chai. Hajawahi kuuacha mji bila maji, isipokuwa ile mara moja ya mafuriko, na hata hapo alikaa na mashine mpaka mkewe akaja kumuuliza kama ameoa pampu. Kazi yake haina doa. Nilichokitilia shaka ni ndoo yake.

Kila mwaka, kabla ya kulikausha bwawa letu ili tuzoe tope, sisi wafanyakazi wakongwe tunashindana kuvua. Ni mchezo wa kirafiki. Kombe nimelitengeneza mwenyewe kwa shaba ya vali kuukuu, na sijaona zuri kuliko hilo hata kwa wachezaji wa mpira. Sheria yetu ni kwamba anayestaafu akiwa bingwa analichukua moja kwa moja. Sasa mtu huyu haongei, hatambi, anakaa zake ukingoni upande wa nyumba ya pampu, na kila mwaka anashinda yeye! Mimi ninayejua kuvua kuliko wote naambulia perege wa kiganja.

Nikaanza kumchunguza. Nikaona kwamba siku ya kukausha bwawa, wote tukishaondoka na makoleo yetu, yeye hubaki nyuma na ndoo yenye kifuniko. Na nyuma ya nyumba ya pampu kuna pipa limefunikwa mkeka. Nikajumlisha: jamaa anawaficha humo samaki wakubwa, halafu siku ya mashindano anawatundika kwenye ndoano. Nikamwambia mtunza stoo. Akanijibu, "Wewe umeshindwa tu, mzee mwenzangu." Moyoni nikasema tutaonana.

Mwaka huu, wake wa mwisho, akashinda tena. Nikaligomea kombe. Nikalifungia ndani ya sanduku langu la vifaa na kutangaza mbele ya wote kwamba halitoki mpaka ndoo ile ijieleze. Taratibu alinitazama tu. "Haya, kaka," akasema, akaenda kunawa mikono. Mtu aliyesingiziwa angepiga kelele; mimi ningepiga. Kwa hiyo shaka ikazidi.

Siku ya kukausha bwawa nikajibanza nyuma ya nyumba ya pampu, na mtunza stoo nikamburuta awe shahidi. Tukamwona Taratibu ameinama topeni, suruali imekunjwa magotini, anaokota vitu na kuvitia ndooni. Alipofika kwenye pipa nikachomoka, nikaufunua mkeka mwenyewe.

Visamaki. Vidogo kama kidole, vinazunguka kwenye maji safi.

"Hao ni wa mwakani," akasema Taratibu.

Mtunza stoo alicheka mpaka akakaa chini. Miaka yote hiyo tunalikausha bwawa kwa mikono yetu mpaka linabaki tope tupu, mwaka unaofuata tunatupa ndoano humo humo, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza samaki wametoka wapi! Yeye alikuwa anawaokota, anawatunza pipani, na bwawa likijaa anawarudisha. Safari hii alikuwa anatuokotea sisi tunaobaki, maana mwakani atakuwa kwa binti yake, mbali na hapa.

Kombe nimempa. Nimelisugua mpaka unajiona uso. Lakini nisiwadanganye, shaka yangu haijaisha yote. Nilimuuliza anawalisha nini. Akasema makombo ya mkate, kila asubuhi, bwawani upande wa nyumba ya pampu. Upande ule ule anaotupia ndoano! Samaki aliyelelewa na mtu, akiona kivuli chake, si lazima aje kusalimia? Nimetaka ushindi wake wote uangaliwe upya. Hakuna aliyenisikiliza.

Basi, ndugu Taratibu, asante kwa maji, kwa subira, na kwa samaki ambao hukuwahi kujisifia. Wasalimie wajukuu. Sote hapa kituoni tunakuombea maisha mema huko uendako, na usingizi usio na mlio wa pampu. Bwawa limejaa tena na visamaki vyako vimo ndani. Usiwe na wasiwasi navyo, mkate nanunua mimi sasa.

Nimeanza kuvitupia upande wangu.