Mama Alinisubiri Mimi

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Kamwene wote, nawasalimu kwa kilugha chetu! Naitwa Eliseba, binti wa mzee Luka, wa hapa hapa Lupembe. Nikilia mnivumilie, maana haya nitakayosema bado yana uchungu.

Mnajua niko chuo kikuu. Nasoma shahada ya maabara ya tiba, yaani kazi ya kupima damu, mkojo na makohozi ili daktari ajue mgonjwa anaumwa nini. Lakini hapa kijijini nani alitaka kusikia habari za maabara? Tangu mliponiombea kanisani humu niende chuo, nikawa "daktari wetu". Nikija likizo, foleni mlangoni kwa baba: huyu mgongo, yule jino, mwingine kabeba mtoto mwenye upele. Nikisema mimi si daktari, wananicheka, wanasema Eliseba ana unyenyekevu. Na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama yangu. Jamani, furaha aliyokuwa nayo mama yule!

Basi mama akajikata mguu na jembe kwenye shamba la viazi. Kidonda kikagoma kupona. Akawa anakunywa maji kupita kiasi, anakonda, anachoka. Baba alimsihi aende hospitali, akakataa. Aliwaambia akina mama wenzake kwamba akienda kupimwa na watu wengine atakuwa amemdharau mwanawe. Daktari wake anakuja likizo, atamsubiri. Jumapili akawa anakuja ibadani na mabuti ya shambani ili kidonda kisionekane, na watu wakamtania kwamba siku hizi Mama Eliseba anaongoza kwaya tayari kwa kulima.

Mimi nikipiga simu ananiambia, "Sisi wazima, mwanangu. Soma." Baba naye alikatazwa asiniambie, nisije nikaacha mitihani. Ndugu zangu, wiki zile zile mimi nilikuwa chuoni napima sukari kwenye damu za watu nisiowajua. Na mama yangu alikuwa anaumwa sukari!

Likizo ikafika. Nilikuwa nimeshashuka Makambako, nimemnunulia mama kitenge, natafuta gari la Njombe, simu ikaita. Ni baba. Akasema, "Mwanangu, usiharakishe tena." Mama alikuwa amefariki. Nilikaa chini pale pale stendi, na watu wakanipita na mizigo yao.

Siku ya mazishi, kama desturi yetu, mtu wa ukoo akasimama kueleza maisha ya marehemu na jinsi alivyougua. Alisimama baba mdogo. Hakuwa na ubaya, alieleza alivyojua. Akasema, "Aliugua mguu. Hospitali hakwenda, alikuwa anamsubiri binti yake daktari." Kaburini pote watu wakanigeukia. Kuna mama mmoja alitikisa kichwa. Na mimi, ndugu zangu, nikaamini. Niliamini kwamba mimi ndiye niliyemuua mama yangu.

Chuo sikurudi. Niliahirisha mwaka, nikaingia shambani kuchuma chai. Nikiona sindano hata kwa picha, nageuza uso. Mchungaji aliniombea, akina mama waliniombea, nikaitika amina kwa mdomo, lakini moyo ulikuwa umekufa. Nilimwambia Mungu, kama unanisikia, niondolee haya masomo kabisa, nisiyakumbuke.

Asubuhi moja, ukungu haujaondoka, Mama Tumaini akanifuata kwenye chai. Mnamjua, ni yule aliyekuwa akiimba na mama sauti ya pili. Akaketi, akavua kiatu. Kidonda! Kile kile! Akaniambia nisimwambie mtu, hospitali watamkata mguu, heri nimtibu mimi, daktari wa nyumbani.

Nililia kwa sauti mpaka wachumaji wakasimama. Nikasema, "Mama, sikiliza. Mimi ni mwanafunzi wa maabara. Mguu huu siwezi kuutibu. Hata wa mama yangu nisingeweza kuutibu! Ila pa kukupeleka napajua."

Ndugu zangu! Yale maneno niliyasema kwa kinywa changu, lakini niliyasikia kama ninaambiwa mimi. Nisingeweza! Mzigo ule ukanitoka pale pale katikati ya mistari ya chai, nikahisi pumzi inaingia mpaka chini. Bwana alinifungua nikiwa na kikapu mgongoni! Na Mama Tumaini, mtu wa kwanza hapa kijijini, akanisikia. Akasema, "Haya, nipeleke."

Tulipanda lori la majani ya chai mpaka kiwandani, tukapata gari la Njombe. Hospitali walimtoboa kidole, sukari ikaonekana imepanda sana. Mimi nilimshika mkono, na uso sikuugeuza. Vidole vya mguu walimkata, mguu ukabaki. Yule pale, anawapungia!

Nisiwadanganye. Kila nikimwona anatembea, namshukuru Mungu, halafu naenda nyuma ya nyumba nalia. Kwa nini yeye na si mama yangu? Nimeuliza, sijajibiwa. Lakini nalia kama mtoto aliyefiwa, silii tena kama muuaji. Huo ndio wokovu wangu, na Jina la Bwana libarikiwe!

Kesho narudi chuoni, niombeeni. Na kama yupo mama humu ndani anayeumwa kimya kimya, anamngojea mwanawe aje likizo, nakusihi: mtumaini Mungu, na usimsubiri mtoto. Njoo hapa mbele sasa hivi tukuombee. Na kesho asubuhi, kabla sijapanda gari la Makambako, nitakupeleka hospitali mimi mwenyewe.