Yotham Matonya, Aliyezifundisha Programu Kupiga Hodi

Mpendwa wetu Yotham Filipo Matonya alizaliwa Mpwapwa tarehe 14 Machi 1954, kitindamimba wa Bi. Dorkasi na marehemu Mzee Filipo. Alisoma shule ya misheni hapohapo, kisha sekondari mjini Dodoma. Dada yake Lea anakumbuka kwamba akitumwa kwa jirani alipiga hodi mara moja tu, akasimama juani mpaka aitikiwe. Nyumbani walimcheka sana kwa hilo.

Tarehe 7 Agosti 1982 alifunga ndoa na Yudith, binti wa Ihumwa, wakajenga Chang'ombe na kujaliwa Devota na Joel.

Mwaka 1984, baada ya mafunzo Dar es Salaam, aliajiriwa kitengo cha kompyuta katika ofisi moja ya umma Dodoma. Aliandika programu zilizofanya kazi pamoja ndani ya mashine moja na kuitana kwa ishara. "Ishara ni hodi tu," alitueleza. "Haisemi umeleta nini." Mwaka 1991 programu moja ilipiga hodi mbili harakaharaka wakati mwenzake ana shughuli. Mashine ikahesabu moja, na taarifa za wilaya nzima zikaachwa. Yotham hakula siku ile. Akaweka kanuni: aliyepiga hodi angoje aitikiwe "karibu", ndipo apige tena.

Juni 1995 wafanyakazi walipunguzwa, naye akiwemo. Alizunguka kutafuta kazi mpaka viatu vikaisha, akanyong'onyea. Februari 1996 kiharusi kilimpoozesha upande wa kulia, kikamnyang'anya na sauti. Tulihangaika naye kila tulikoelekezwa, hatukupata nafuu. Akabaki na mkono wa kushoto, pete ya ndoa na chuma cha kitanda. Aligonga chuma kwa pete, Yudith akagonga ukuta kumjibu, ndipo akagonga tena. Lakini anataka maji, kugeuzwa, au ni maumivu tu, mara nyingi hatukujua. "Baba Devota, nasikia unaita," Yudith alimwambia akilia. "Sijui unaitia nini."

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Septemba 1996, Yudith alikuwa uani akifua aliposikia pete. Akagonga ndoo kumjibu, akajifuta mikono, akaingia. Mkono ulikuwa umelala juu ya chuma. Aligonga kitanda, akangoja kama walivyozoea. Akagonga tena, na tena, bila kungoja, mpaka Lea akamshika kiganja.

"Niache, wifi," alisema. "Huenda amesikia moja tu."

Marehemu ameacha mama yake, Bi. Dorkasi, mjane, Yudith, watoto, Devota na Joel, na dada yake, Lea. Alichokuwa akiitia asubuhi ile hatutakijua kamwe, na kinatuuma.

Ee Bwana, Yotham yuko mlangoni pako. Ameshapiga hodi, na tunavyomjua, hatapiga tena mpaka umwitikie. Tunakusihi, mwitikie, umkaribishe apumzike kwa amani.