Nilivyojifunza Kusema Inauma

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Mwenyekiti kanipa dakika chache, na mnanijua nikishika maneno siachii, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Wengi wetu hapa tumechezwa ngoma, tukafundwa kwamba mwanamke akiumwa hapigi kelele. Mimi somo lile nililishika. Watoto wangu wote nimewazaa nang'ata kanga, na nilijivunia. Basi tumbo la chini lilipoanza kuniuma, nikang'ata kanga vilevile. Napalilia mahindi, likinibana nachuchumaa kama nang'oa magugu, likiachia nasimama.

Zahanati nilikwenda, msiseme sikwenda. Muuguzi akaniuliza naumwa kiasi gani, nikajibu, "Kidogo tu, nashukuru Mungu." Ndugu zangu, nawaambia, hapo gauni limelowa jasho. Akanipa panadol. Nikarudi tena, jibu likawa lilelile, na dawa zilezile. Angefanyaje, naye kaniamini?

Siku moja nikaanguka shambani, nikashindwa kuinuka. Aliyenipakia bodaboda mpaka hospitali Korogwe ni kungwi wangu, bibi yuleyule aliyenifunda. Daktari akauliza naumwa kiasi gani. Kabla sijafungua mdomo, bibi akanitangulia: "Daktari, huyu akisema kidogo, jua anakufa. Mimi ndiye niliyemfundisha." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, nilikufunda uzae. Sikukufunda ufe. Sema."

Nikasema. Nililia mpaka nikaona aibu. Daktari hakucheka, akanipima, akakuta uvimbe kwenye kizazi, nikapasuliwa. Baada ya hapo kila muuguzi akipita namwambia ukweli, panauma hapa, panachoma hivi, napewa dawa nalala. Wifi yangu alinionya nisizinywe, eti dawa kali vile ni za watu wanaoaga dunia. Mbona nimesimama mbele yenu, na jembe nimeshalirudia?

Asanteni mliopalilia shamba langu nikiwa kitandani. Bibi, sikutaji jina, lakini Mungu akuweke. Siku hizi akifunda wasichana ananiita, nami nawaambia kuvumilia ni kuzuri, ila mbele ya daktari useme yote, hata ukilia.

Na wewe mwenzangu wa kule nyuma, umeshika kiuno tangu nianze kuongea. Nimekuona. Kesho asubuhi nakupitia nyumbani, tunakwenda wote, na ndani naingia na wewe.