Joto Lililotoka Sawa kwa Bahati

Bibi mmoja, fundi cherehani, alikuwa kwenye treni akienda hospitali kumwona mjukuu wake, aliyezaliwa kabla ya wakati, aliposikia vijana wawili wa kompyuta wakibishana nyuma yake.

"Joto lina desimali, wewe umeiambia printf, amri ya kuandika namba kwenye skrini, kwamba ni namba nzima!"

"Kwangu ilitoka sawa."

"Bahati tu! Ukikosea hivyo, lugha ya C haikudhaminii kitu. Leo itaandika thelathini na sita, kesho sifuri, keshokutwa takataka. Na vile vitanda vya joto vya watoto wachanga vimeshawashwa kwa programu yako hiyo hiyo!"

Bibi hakujua C ni mdudu gani, lakini moyo ulimlipuka paa. Akageuka.

"Wanangu, vitanda vya hospitali gani?"

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Wakainuka wote watatu.